Pengo, Mwanya na Upinde wa Meno: Nini Hubadilika Jino Ling'olewapo?

Kiswahili kina maneno mawili ya kutaja nafasi iliyo wazi baina ya meno. Mwanya ni uwazi wa asili baina ya meno mawili ya mbele, nao huhesabiwa kuwa pambo la uso. Pengo ni mahali palipokuwa na jino ambapo sasa hapana kitu. Mwenye mwanya husifiwa; mwenye pengo hucheka akiwa ameweka kiganja mdomoni. Basi yatupasa kustaajabu tunaposikia kwamba daktari wa meno anaweza kutengeneza mapengo manne kwa makusudi, katika kinywa chenye meno mazima, ili meno yaliyobaki yapendeze na kufanya kazi vizuri zaidi.

Katika makala haya tutaeleza yatukiayo kwenye mfupa na kwenye umbo la safu ya meno baada ya jino kung'olewa, hasa pale jino linapong'olewa kwa ajili ya kupanga meno kwa waya.

Swali lililotoka Kanyenye

Mpwa wangu ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, anayeishi na wazazi wake katika kata ya Kanyenye, mjini Tabora. Chonge zake mbili za juu zimeota juu kwenye ufizi, nje ya safu, kwa kuwa hazikupata nafasi. Daktari alipendekeza magego madogo manne yang'olewe, mawili juu na mawili chini, kisha meno yaliyobaki yavutwe kwa waya kwa muda wa miaka miwili hivi. Nyumba iligawanyika. Baba aliuliza gharama. Bibi alisema kwamba katika maisha yake hajaona jino zima likihukumiwa kwa kosa la jino lililopinda. Naye binti mwenyewe aliniuliza swali ambalo ndilo chanzo cha makala haya: "Mjomba, nikitolewa meno manne, taya langu litakuwa dogo? Na uso wangu utabonyea kama wa kibogoyo?"

Hofu hiyo si ya kipuuzi. Kila mtu amemwona mzee asiye na meno, ambaye kidevu chake kimekaribia pua na mashavu yameingia ndani. Akili ya kawaida husema kwamba meno manne yakiondoka, sehemu moja ya nane ya safari hiyo imekwisha kufanyika. Ili kujua kama akili ya kawaida inasema kweli, hatuna budi kwanza kutenganisha vitu vitatu.

Jino, ukingo na taya

Binadamu huota meno 20 ya utotoni, kisha meno 32 ya ukubwani: manane ya kukatia yaliyo mbele, chonge nne, magego madogo manane na magego makubwa kumi na mawili. Kila jino lina sehemu inayoonekana na mzizi uliozama ndani ya tundu la mfupa. Mzizi haukugandamana na mfupa kama msumari katika ubao. Baina yao upo utando wa nyuzi hai wenye unene wa karibu sehemu mbili za kumi za milimita, ambao hulishikilia jino kama kamba zinavyoshikilia hema. Utando huo ni mwembamba mno, lakini ndio ufunguo wa habari yote.

Mfupa wenye tundu za meno tutauita ukingo wa meno. Ukingo huu umekaa juu ya mwili wa taya lenyewe, kama tuta lilivyokaa juu ya ardhi ya shamba. Tuta huwapo kwa ajili ya mazao. Vivyo hivyo, ukingo hukua meno yanapoota, hudumu maadamu meno yapo, na hupungua meno yakiondoka. Mwili wa taya una kazi nyingine: hushikilia misuli ya kutafuna, hupitisha neva na mishipa ya damu, na huungana na fuvu mbele ya sikio. Uhai wake hautegemei jino moja au mawili.

Kibogoyo, basi, hakupoteza taya tu; alipoteza kwanza ukingo wote wa juu na wa chini, pamoja na kimo ambacho meno yaliweka baina ya taya mbili. Ndiyo maana kidevu kikapanda. Mtu aliyepoteza gego dogo moja kila upande bado ana magego yanayokutana na kuzuia taya lisipande. Hapo tumekwisha kupata nusu ya jibu la binti.

Mambo matatu yaliyofanywa kwa meno

Afrika Mashariki imekuwa na desturi nyingi za kubadili meno, na ukizitazama kwa jicho la sayansi, zinatupa ulinganisho ulio bora kuliko mifano mingi ya vitabuni.

La kwanza ni kuchonga. Tabora ilikuwa kituo kikuu cha misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Burton na Speke walifika hapo, mahali walipopaita Kazeh, mwezi wa Novemba 1857. Wasafiri wa karne ile waliandika kwamba Wanyamwezi wengi walichonga kona za ndani za meno mawili ya mbele ya juu, ukabaki uwazi wa pembetatu. Ni kana kwamba asiyezaliwa na mwanya alijitengenezea. Desturi ya namna hiyo ilikuwako pia kwa Wazanaki. Mwalimu Julius Nyerere, aliyesoma katika shule ya serikali ya Tabora kuanzia mwaka 1937 na baadaye akafundisha St. Mary's mjini humo humo, alikuwa amechongwa meno ya mbele ya juu utotoni, na picha zake nyingi zinaonyesha hivyo. Je, kuchonga hubadili taya? La. Mzizi hubaki ndani ya tundu, utando wa nyuzi huendelea kuuvuta mfupa, na ukingo haupati habari yoyote ya msiba. Hatari yake iko kwingine: ganda gumu la jino likiondolewa, kiini chenye neva huwa karibu na baridi, moto na vijidudu.

La pili ni kung'oa na kuacha. Wamaasai kwa desturi waling'oa meno mawili ya kati ya chini, na Wajaluo waling'oa meno sita ya mbele ya chini. Hapa mzizi umetoka. Tundu hujaa damu inayoganda. Katika wiki zinazofuata nyama changa huchukua mahali pa damu, na mfupa mpya hujaza tundu katika miezi michache. Lakini wakati tundu likijaa kutoka ndani, kuta zake huliwa kutoka nje. Uchunguzi wa Denmark uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba ukingo hupoteza karibu nusu ya upana wake katika mwaka wa kwanza, na theluthi mbili za upotevu huo hutokea katika miezi mitatu ya mwanzo. Meno jirani nayo hayatulii. Ulimi huyasukuma kutoka ndani, midomo na mashavu kutoka nje, na jino lililopoteza jirani huegemea kwenye pengo. Jino la upande wa pili lisilopata mwenzake wa kuumana naye huweza kurefuka taratibu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliona uzito wa jambo hili. Mwaka 1993 walichapisha vipimo vya nakala za plasta za meno ya Wamaasai waliong'olewa meno hayo mawili, wakizilinganisha na za watoto wa Kenya wenye meno kamili. Swali lao lilikuwa ndilo letu: upinde wa meno hupata umbo gani baada ya jino kuondoka?

La tatu ni kung'oa na kuvuta, yaani kazi ya daktari bingwa wa kupanga meno. Tofauti na lile la pili ni kwamba pengo halikuachwa liamuliwe na ulimi na mashavu. Limetengenezwa kwa hesabu, na limepangiwa nani atakayelijaza.

Jinsi jino linavyotembea ndani ya mfupa

Mwaka 1904 Carl Sandstedt wa Sweden alichapisha matokeo ya majaribio aliyoyafanya kwa mbwa. Aliyasukuma meno yao kwa waya, kisha akautazama mfupa kwa hadubini. Aliona kwamba upande ambao mzizi umeuelekea, mfupa ulikuwa ukiliwa. Na upande ambao mzizi umeuacha, mfupa mpya ulikuwa ukijengwa.

Siku hizi twawajua watendaji wenyewe. Upande wa mgandamizo hukusanyika seli za osteoklasti, ambazo huyeyusha mfupa. Upande wa mvuto huamka seli za osteoblasti, ambazo huutandaza mfupa mpya. Jino hutembea kama kigingi kinachohamishwa katika udongo huku mtu mmoja akichimba mbele yake na mwingine akifukia nyuma. Mwendo wake ni wa karibu milimita moja kwa mwezi. Nguvu ikizidi, damu hukatika katika utando wa nyuzi, seli hufa, na jino husimama mahali pamoja au mzizi huliwa na kuwa mfupi. Kwa hiyo mgonjwa anayemwomba daktari akaze waya ili amalize mapema anaomba kucheleweshwa.

Kutokana na hayo lafuata jambo lenye faida. Jino linalovutwa ndani ya pengo huja na mfupa wake. Pale ambapo ukingo ungenyauka kwa sababu ya kukosa jino, sasa kuna mzizi mpya wa kuulinda. Baada ya miaka miwili mapengo ya mpwa wangu hayatakuwapo, wala ukingo uliokonda hautakuwapo. Kitakachokuwapo ni upinde mfupi zaidi wa meno juu ya taya lile lile.

Hesabu ya milimita kumi na nne

Tuseme tumepima kwa uzi upinde wa juu, kutoka mbele ya gego kubwa la kwanza la kulia mpaka mbele ya mwenzake wa kushoto, tukapata milimita 68. Kisha tumepima upana wa kila moja ya meno kumi yanayopaswa kukaa hapo, tukajumlisha, tukapata milimita 76. Upungufu ni milimita 8. Hakuna waya wala dua itakayoingiza 76 ndani ya 68 bila kuupanua upinde, kuyasogeza magego nyuma, kupunguza unene wa meno, au kuondoa meno.

Gego dogo lina upana wa karibu milimita 7. Tukiondoa mawili, meno manane yaliyobaki yanahitaji 76 kutoa 14, yaani milimita 62. Nafasi ni 68. Upungufu wa 8 umegeuka kuwa ziada ya 6, ambayo ni 3 kila upande. Hapa ndipo penye uamuzi wenyewe, nao hausikiki sana katika mazungumzo ya nyumbani. Ziada hiyo yaweza kufungwa kwa kuyaleta magego mbele, au kwa kuyarudisha meno ya mbele nyuma, au kwa kugawana. Daktari akiyaleta magego mbele kwa milimita 1 na kuyarudisha meno ya mbele kwa milimita 2, hesabu imetimia kila upande.

Umbo la upinde nalo hubadilika kwa kanuni nyepesi. Upinde ni mpana nyuma na mwembamba mbele. Magego yakija mbele huingia mahali pembamba, hivyo umbali baina ya gego la kulia na la kushoto hupungua, kwa kawaida milimita moja au mbili. Chonge zikirudi nyuma mahali pa magego madogo huingia mahali papana, hivyo umbali baina yao hubaki ulivyokuwa au huongezeka kidogo. Basi si kweli kwamba kung'oa magego madogo hubana tabasamu mbele. Mabadiliko ya upana yako nyuma zaidi, na ni madogo. Mdomo wa juu hufuata meno, lakini si hatua kwa hatua: meno yakirudi milimita 2, mdomo hurudi zaidi kidogo ya milimita 1.

Kwa hiyo uso hubadilika? Ndiyo, kwa kadiri meno ya mbele yanavyorudishwa, wala si kwa kadiri meno yalivyong'olewa. Watu wawili wanaweza kung'olewa meno manne yale yale. Mmoja akabaki na midomo yake, mwingine ikaingia ndani. Kilichowatofautisha ni mgawanyo wa ile ziada.

Ugomvi wa zaidi ya miaka mia moja

Wataalamu wenyewe hawakukubaliana upesi. Edward Angle wa Marekani, aliyefariki mwaka 1930, alifundisha kwamba meno yote 32 yana haki ya kukaa, na kwamba mfupa utakua kuyapokea yakipangwa vizuri. Calvin Case alimpinga waziwazi mwaka 1911. Charles Tweed, mwanafunzi wa Angle, aliifuata imani ya mwalimu wake kwa miaka kadhaa, akaona wagonjwa wengi meno yao yakitokeza mbele au yakirudi kupinda. Aliwatibu upya kwa kung'oa magego madogo, na mwaka 1940 akawaonyesha wenzake matokeo. Huko Australia, Raymond Begg alichunguza meno ya wenyeji wa kale, akaeleza kwamba chakula kigumu kiliyasaga meno hata pale yanapogusana, upinde ukafupika wenyewe kadiri umri ulivyoendelea. Kwa maoni yake, kung'oa kulifanya kwa siku moja kazi iliyofanywa zamani na chakula. Si wote waliokubali hoja yake.

Wimbi hilo likavuka mpaka wake, na meno mengi yaliondolewa yasiyostahili kuondolewa. Tena kung'oa hakukuleta uthabiti uliotarajiwa. Mwaka 1981 Robert Little na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington waliwatazama wagonjwa 65 waliong'olewa magego madogo, miaka kumi au zaidi baada ya kuacha kuvaa vishikizo. Kwa wengi wao, karibu theluthi mbili, meno ya mbele ya chini hayakuwa tena katika mpangilio wa kuridhisha. Samaki mkunje angali mbichi, wasemavyo wazee. Lakini meno yana ukaidi kuliko samaki, maana mfupa hujijenga upya maisha yote. Faida yake ni kwamba hata mtu mzima aweza kupangwa meno. Hasara yake ni kwamba hakuna upinde uliopangwa ukakaa milele bila kushikiliwa.

Rula ya nani?

Nilipokuwa nikisoma ng'ambo, mwalimu mmoja aliweka rula kwenye picha ya uso wangu wa upande, kutoka ncha ya pua mpaka kidevuni. Mstari huo ulienezwa na Mmarekani Robert Ricketts katika miaka ya 1950, na midomo iliyokusudiwa nayo hukaa nyuma yake. Midomo yangu ilikuwa mbele. Mwalimu akasema, bila nia mbaya, kwamba ningefaa kung'olewa magego madogo manne. Nilirudi chumbani nikajitazama katika kioo kwa muda mrefu, nikitafuta ugonjwa ambao mama yangu hakuwahi kuuona.

Ugonjwa haukuwapo. Kilichokuwapo ni kipimo kilichotokana na nyuso za watu wengine. Miongoni mwa Waafrika wengi pinde za meno ni pana, meno ya mbele huelekea mbele kidogo, na mwanya si jambo geni. Hilo ni umbo la kawaida la watu wengi, wala si kosa la kusahihishwa. Mgonjwa anayetaka kurudisha midomo yake ana haki ya kufanya hivyo, na kung'oa huenda ndiyo njia yake. Lakini uamuzi huo uwe wake, usiwe wa rula.

Lipo pia onyo lililo karibu zaidi nasi. Imeelezwa katika Tanzania, Kenya na Uganda desturi ya kuwang'oa watoto wachanga chonge ambazo hazijaota, zikidhaniwa kuwa "meno ya plastiki" yaletayo homa na kuharisha. Uvimbe mweupe unaoonekana kwenye ufizi ni jino la kawaida la utotoni likijiandaa kuota. Kifaa kinachochimba hapo chaweza kuleta maambukizo ya kuua, na chaweza kuharibu chembe ya chonge ya ukubwani iliyo jirani. Chonge ndizo kona za upinde. Mtoto huyo akinusurika, huenda akakua na upinde uliokosa kona. Homa na kuharisha vitibiwe hospitali, ufizi uachwe.

Jaribio la darasani

Tabora inasifika kwa asali na nta, na nta ya nyuki imetumiwa na madaktari wa meno kwa muda mrefu kuchukua alama za meno. Huyeyuka penye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, lakini hulainika kabla ya hapo. Finyanga kipande safi chenye unene wa kidole, kilainishe katika maji ya vuguvugu, hakikisha kwa mkono kwamba hakichomi, kisha uume taratibu na kukitoa. Kipoze katika maji baridi. Kila mwanafunzi atumie kipande chake mwenyewe. Kwa uzi pima upinde kutoka gego mpaka gego; kwa bikari na rula pima upana wa kila jino. Toa nafasi iliyopo katika jumla ya upana wa meno. Darasa litagundua kwamba wengine wana ziada, wengine wana upungufu, na kwamba wenye mwanya mara nyingi wamo katika kundi la kwanza.

Mpwa wangu alifanya jaribio hili kwa nta iliyonunuliwa sokoni, akapata upungufu unaokaribia ule wa mfano wetu. Aliporudi kwa daktari pamoja na mama yake hakuuliza tena kama taya litakuwa dogo. Aliuliza: "Baada ya chonge kupata nafasi, hizo milimita sita zinazobaki utazipeleka wapi?" Daktari alivuta kiti, akachora. Walikubaliana kwamba sehemu kubwa ifungwe kwa kuyaleta magego mbele, kwa kuwa midomo yake haikuwa na tatizo. Sasa amevaa waya, na mapengo yanapungua kila mwezi. Bibi yake huyapima kwa macho kila jioni, na bado hajatoa kauli.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini jino lililochongwa halibadili ukingo wa meno, hali jino lililong'olewa hubadili?
2. Upinde una nafasi ya milimita 70 na meno yanayohitaji milimita 73. Je, ungeshauri kung'oa magego madogo mawili yenye milimita 7 kila moja? Toa sababu.
3. Eleza kwa nini mwanafunzi aliyemaliza matibabu ya waya hupewa kishikizo cha kuvaa.